Vena za Miguu na Mzigo wa Kusimama

Mwalimu aliyenifundisha hesabu katika shule ya msingi hakuwa akiketi darasani. Jioni miguu yake ilivimba, na mishipa iliyojisokota ilionekana nyuma ya mashavu ya miguu. Hatimaye alipata kidonda juu ya kifundo cha mguu. Watu walisema amerogwa, naye akakificha kidonda kile ndani ya suruali kwa miaka mingi. Kumbe chanzo chake kingaliweza kuelezwa katika somo la fizikia.

Msomaji atakumbuka kwamba damu hushuka miguuni kwa njia ya ateri na kurudi moyoni kwa njia ya vena. Safari ya kurudi ni ya kupanda. Hebu tukadirie mzigo wake. Kwa mtu mzima aliyesimama tuli, kimo cha damu tangu moyoni hadi kifundoni ni kama meta 1.2, na densiti ya damu ni kama kilogramu 1,060 kwa meta moja ya ujazo. Tukizidisha tarakimu hizo kwa mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani takriban 10, tunapata kanieneo ya paskali 12,720, ambayo ni karibu milimita 95 za zebaki.

Mzigo huo hupunguzwa na misuli ikishirikiana na vali. Tutembeapo, misuli ya shavu la mguu huzikamua vena za ndani na kuipandisha damu, nazo vali huizuia isirudi chini. Kwa mtu mwenye vena nzima, kanieneo kifundoni huweza kushuka chini ya milimita 30.

Fabricius, aliyefundisha Padua, alizieleza vali hizo katika kitabu chake cha mwaka 1603, lakini hakuitambua kazi yake halisi. Mwanafunzi wake, William Harvey, ndiye aliyeionyesha mwaka 1628 kwa jaribio liwezalo kufanywa darasani. Funga kitambaa juu ya kiwiko, bila kukaza sana, hadi vena za mkono zitokeze. Bonyeza vena moja kwa kidole. Kwa kidole kingine sukuma damu kuelekea kiwikoni hadi upite kijifundo kimoja. Sehemu ya katikati itabaki tupu, kwa kuwa vali iliyopo kwenye kijifundo hairuhusu damu irudi. Ondoa kidole cha kwanza, nayo itajaa mara moja kutoka chini. Kisha fungua kitambaa bila kukawia.

Vena ikitanuka, vipande vya vali havikutani tena. Damu huporomoka na kuielemea vali ya chini yake, nayo hushindwa vilevile. Vena zilizo karibu na ngozi, zisizoshikiliwa na misuli, hutanuka na kujisokota. Urithi, umri, uja uzito, unene na kazi za kusimama muda mrefu huongeza uwezekano huo. Mguu huwa mzito na kuwasha. Ngozi ya upande wa ndani, juu ya kifundo, huwa nyeusi, na mwisho huweza kuchimbika kidonda.

Anayesimama kwa muda mrefu na atembee mara kwa mara, au ainue visigino na kuvishusha. Apumzikapo, aiinue miguu kupita kimo cha moyo. Soksi za kubana husaidia, ila zisivaliwe kabla mganga hajahakikisha kwamba ateri ni nzima. Vena ikipasuka, mgonjwa alazwe, mguu uinuliwe, na mahali panapotoka damu pakandamizwe kwa kitambaa safi, kisha apelekwe hospitali. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, huenda damu imeganda ndani. Asicheleweshwe hata siku moja.

Siku hizi madaktari huweza kuiondoa vena mbovu kwa upasuaji, au kuiziba kwa joto au kwa sindano ya dawa, nayo damu hupita katika vena nyingine nzima. Hata kidonda cha miaka mingi huweza kupona kikifungwa bendeji ya kubana kwa utaratibu. Mwalimu wangu hakuambiwa hayo. Wanafunzi wa leo wanaweza kuwaambia wa kwao.