Lehemu inavyoua seli za mishipa ya damu kimyakimya

Mwambie baba akapime lehemu, jibu ni lilelile: “Kwani mimi naumwa?” Jibu hilo huziponza familia nyingi, kwa sababu mishipa ya damu huharibika bila kuuma.

Kwa ndani, mishipa imetandazwa safu moja tu ya seli, zimepangana kama vigae sakafuni. Seli hizo hutoa gesi ya naitriki oksaidi, inayolegeza mshipa ili damu ipite vizuri, na huzuia damu isigande ovyo. Ugunduzi kuhusu kazi ya gesi hiyo uliwapatia Wamarekani watatu Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Shida huanza lehemu ya aina ya LDL inapozidi. Hupenya chini ya safu hiyo, hunasa ukutani mwa mshipa, kisha huungana na oksijeni na kuharibika, kama mafuta ya kupikia yaliyokaa wazi yanavyobadilika harufu.

Lehemu iliyoharibika ni sumu. Ndani yake kuna molekuli kama 7-ketokolesteroli, zinazoweza kuifanya seli ijiue. Kila seli ina uwezo huo, ambao mwili huutumia kuondoa seli zilizochakaa. Vimeng'enya viitwavyo kaspezi huanza kukatakata protini za seli mpaka ife. Hakuna homa, hakuna maumivu.

Seli nyingi zikifa, safu hubaki na mapengo. Lehemu zaidi hupenya, chembe nyeupe za damu huifuata, na uvimbe wa mafuta hukua ukutani. Siku uvimbe huo ukipasuka au kuchubuka, damu huganda juu yake. Ikiziba mshipa wa moyo, ni shambulio la moyo. Ikiziba wa ubongo, ni kiharusi.

Sigara, kisukari na shinikizo la damu huongeza uharibifu huu. Basi tuache sigara, tupunguze samli na nyama ya mafuta, tutembee kila siku. Mafuta yaliyokaangia chipsi mara nyingi tuyamwage, maana moto na hewa huyaharibu. Aliyeandikiwa dawa asiziache bila kumuuliza daktari.

Na baba akikataa kwenda peke yake, nendeni wote siku moja: mama, baba, shangazi na babu. Mtu hupima akiwa bado mzima. Akingoja aumwe, huenda amechelewa.