Mtoto Anapotema Mnafu

Mpe mtoto wa miaka miwili tonge la ugali na mnafu kwa mara ya kwanza. Atakunja uso, atausukuma kwa ulimi, autemee kifuani. Watu wazima husema amedeka. Ukweli ni kwamba binadamu huzaliwa akipenda utamu na kuukwepa uchungu: maziwa ya mama ni matamu, na mimea mingi yenye sumu ni michungu. Zaidi ya hapo, kati ya miaka miwili na sita watoto wengi hukiogopa chakula chochote wasichokizoea.

Lakini ulimi hufundishika, tena mapema kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa Kituo cha Monell, Philadelphia, walichapisha utafiti ambao wajawazito walikunywa juisi ya karoti katika miezi ya mwisho ya mimba, na wengine wakainywa walipokuwa wakinyonyesha. Watoto wao walipoanza kulishwa, hawakukunjia uso uji wenye karoti kama wale ambao mama zao walikunywa maji tu. Ladha ilikuwa imewafikia tumboni, au kupitia maziwa.

Kwa aliyekwisha kuachishwa ziwa, dawa ni kurudia. Katika utafiti wa Leann Birch na mwenzake wa mwaka 1982, watoto wa miaka miwili walipenda zaidi vyakula walivyokuwa wameonja mara nyingi. Mara nyingi huhitajika kuonja mara nane hadi kumi na tano, na wazazi wengi hukata tamaa kabla ya hapo. Kuonja ni kuonja: kipande cha ukubwa wa punje ya hindi kinatosha, na akitaka kutema, mwache ateme.

Kumlazimisha huharibu kazi yote. Wengi tumeona mtoto akilazwa mapajani, kiganja kikiwekwa mdomoni kama mfereji na uji ukimiminwa huku akilia. Anaweza kupaliwa, uji ukaingia mapafuni. Hata shinikizo la upole lina madhara. Birch na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2006, waliwapa watoto wa chekechea supu mbili. Ile waliyohimizwa waimalize waliila kwa kiasi kidogo kuliko ile nyingine na kuilalamikia zaidi. Ahadi ya “maliza mchicha nikupe biskuti” nayo humfundisha kwamba mchicha ni adhabu na biskuti ndiyo chakula chenye thamani.

Hapa mapishi yetu yana msaada mkubwa. Mtoto hujifunza kupenda ladha inayokuja pamoja na chakula kinachoshibisha, na ndiyo maana nazi, karanga au maziwa ndani ya mboga chungu hufanya kazi vizuri. Pika mnafu kwa karanga, mwekee kidogo pembeni ya sahani, kisha wewe mwenyewe ule mbele yake kwa hamu. Akishauzoea, punguza karanga kidogo kidogo.