Ubao hausomeki: je, ni jeni?

Wewe uliye kidato cha pili pale Kasulu au Kibondo, hebu sema kweli: ubaoni unaona? Au unapiga chabo daftari la jirani, na mwalimu anadhani u mvivu? Wengine huambiwa ati wamelogwa. Kumbe mboni nzima ya jicho imerefuka kwenda nyuma. Miale ya mwanga inakutana kabla ya kufika kwenye retina, ile ngozi ya ndani inayopokea picha. Karibu unaona safi, mbali ni ukungu mtupu. Ukihitaji lenzi ya -6 au zaidi ya hapo, hali yako ni kali.

Sasa kwa nini wewe, na si mdogo wako? Hapo ndipo zinapoingia jeni, yaani maelekezo tuliyorithi kwa baba na mama. Katika familia chache, jeni moja yenye kasoro inatosha. Kwa wengi ni jeni nyingi, kila moja ikisukuma kidogo tu, na kuzitafuta ni kazi ya kompyuta. Watu wanapimwa macho na kutolewa damu au mate. Kisha kompyuta inapita sehemu mamilioni za maelekezo hayo, moja moja, ikiuliza: wenye herufi hii hawaoni mbali kuliko wasio nayo? Tatizo ni kwamba ukiuliza mara milioni 1, bahati tu itakupa maelfu ya majibu ya uongo. Kwa hiyo kipimo huwekwa kikali sana, na watu lazima wawe wengi.

Utafiti wa mwaka 2018 ulichambua watu 160,420, ukapata sehemu 161. Nyingi zinahusu jinsi retina inavyoitikia mwanga. Lakini watu hao walikuwa wa asili ya Ulaya na Asia. Sisi hatumo! Hesabu iliyotengenezwa kwa jeni zao inaweza kukukosea wewe.

Basi usisubiri jeni. Jirani zetu Mwanza, wanafunzi 2,511 wa sekondari walipimwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Karibu 6 katika kila 100 hawakuona mbali. Waliokuwa na kasoro ya kurekebishwa kwa miwani, theluthi moja hivi tu ndio waliivaa. Na miwani haiharibu macho, hata wakikucheka.

Mwenye hali kali aangalie jambo moja zaidi. Ukiona ghafla vimulimuli, vidoa vyeusi vingi, au kama pazia linashuka jichoni, huenda retina inabanduka. Mwambie mzazi au mwalimu, uende hospitali siku hiyo hiyo.