Diski kuukuu, barabara zetu: Michezo minne ya video ya zamani inayostahili kutafutwa Kampala

Katika mitaa inayozunguka kilima cha Mulago, jijini Kampala, kama ilivyo katika vitongoji vingi vya miji ya Afrika Mashariki, mashine za michezo ya video zilizokwisha kuachwa na watengenezaji wake bado zinafanya kazi. PlayStation 2, ambayo kampuni ya Sony ya Japani iliitoa mwaka 2000 na kusitisha uzalishaji wake mwanzoni mwa mwaka 2013, ingali ikiunganishwa kwenye televisheni za vibanda vya michezo. Vijana hulipia mchezo mmoja mmoja, na anayeshindwa humwachia nafasi anayesubiri.

Ukichungulia kinachochezwa, mara nyingi utakuta mpira wa miguu. Hilo si la kushangaza, kwani mechi ni fupi, kanuni zake zinajulikana na kila mtu ana timu yake. Hata hivyo, kwa mashine hizo na zile zilizozifuata kulitengenezwa maelfu ya michezo mingine. Miongoni mwake imo michache inayobeba barabara za Afrika Mashariki, majina ya mitaa ya Mombasa, hata lugha ya Kiswahili yenyewe, na mingi ya hiyo imebaki chini ya marundo ya diski zinazouzwa kwa bei ya chini.

Makala haya yanaeleza michezo minne ya aina hiyo, sababu za kuitafuta sasa, na mambo ya kuchunguza kabla ya kutoa fedha.

Kwa nini itafutwe sasa?

Kitabu cha zamani kinaweza kuchapishwa upya. Mchezo wa video una mashaka zaidi, kwa sababu unahitaji mashine yake, na mashine hiyo ikifa, diski hubaki pambo tu. Utafiti uliotolewa Julai 2023 na taasisi ya Marekani ya Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya video iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani kwa njia ya kawaida.

Michezo ya mbio za magari ina tatizo la ziada. Majina ya magari, ya madereva na ya mashindano hutumiwa kwa leseni, na leseni hizo zikiisha muda, mara nyingi mchezo huondolewa sokoni. Kwa hiyo diski iliyotumika, inayouzwa katikati ya jiji pamoja na nyaya na pedi za kuchezea, huenda ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuupata.

Upo pia upande wa gharama. Michezo ya zamani haihitaji intaneti wala kupakua mafaili makubwa. Watu wawili huketi mbele ya skrini moja na kucheza, bila kununua bando.

1. Colin McRae Rally 2.0 (PlayStation ya kwanza, 2000)

Ili kuelewa thamani ya mchezo huu, turudi nyuma hadi mwaka 1953. Mwaka huo, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Barabara za Uganda zilikuwa sehemu ya safari hiyo tangu mwanzo, ingawa baadaye mashindano yalibaki ndani ya Kenya peke yake.

Dereva aliyeyashinda mara nyingi, Shekhar Mehta, alizaliwa Kampala mwaka 1945. Alishinda mwaka 1973, kisha akashinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Familia yake ilikuwa miongoni mwa Waasia waliolazimika kuondoka Uganda mwaka 1972 kwa amri ya Idi Amin, naye akaendeleza mbio zake akiwa Kenya.

Mchezo wa Colin McRae Rally 2.0, uliotengenezwa na kampuni ya Uingereza ya Codemasters, una Kenya kama moja ya nchi ambazo mchezaji hushindana. Jina la mchezo ni la dereva wa Scotland aliyeshinda Safari Rally mara tatu, mwaka 1997, 1999 na 2002. Sauti inayomwelekeza mchezaji katika kila kona ni ya Nicky Grist, msoma ramani wake halisi, aliyekuwa naye garini katika ushindi huo wote. Kwa hiyo kijana anayeendesha gari hilo katika vumbi la Kenya la kwenye skrini anaongozwa na mtu aliyepita katika vumbi lenyewe.

Picha zake si laini kwa macho ya leo. Lakini uzito wa gari, utelezi wa changarawe na madhara ya kugonga mti vinahisika hadi sasa. Diski yake ni ya PlayStation ya kwanza, nayo hukubali pia kuchezwa kwenye PlayStation 2.

2. World Rally Championship (PlayStation 2, 2001)

Mwaka mmoja baadaye, studio ya Uingereza ya Evolution Studios ilitoa mchezo wenye leseni rasmi ya mbio za dunia za msimu wa 2001. Mashindano yote 14 ya msimu huo yamo, na Safari Rally ya Kenya ni mojawapo.

Hapa tofauti ya nchi na nchi inaonekana wazi. Theluji ya Sweden, lami ya Corsica na udongo wa Kenya kila kimoja hudai uendeshaji wake. Hatua za kwenye mchezo ni fupi mno zikilinganishwa na zile halisi, kwa kuwa Safari Rally ya enzi hizo ilikuwa na hatua za makumi ya kilomita, katika barabara ambazo watumiaji wengine hawakuzuiwa kupita.

Thamani yake ya kihistoria inatokana na wakati wake. Baada ya mwaka 2002, Safari Rally iliondolewa katika ratiba ya mbio za dunia, na haikurejea hadi 2021. Michezo rasmi iliyofuata ilifuata ratiba hiyo, hivyo Kenya ikatoweka humo pia. Diski ya mwaka 2001 na ile ya mwaka 2002 iliyoifuata zimehifadhi siku za mwisho za enzi hiyo. Anayezipuuza kwa kuwa ni za zamani anapuuza kumbukumbu.

3. Halo 3: ODST (Xbox 360, 2009)

Mfululizo wa Halo unajulikana duniani kote kwa vita vya anga za juu. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba sehemu yake muhimu imewekwa katika pwani ya Waswahili. Mwaka 2004, Halo 2 iliwapeleka wachezaji katika mji wa kubuni wa Mombasa Mpya, katika karne ya 26. Mwaka 2007, Halo 3 iliwafikisha Voi na Tsavo.

Halo 3: ODST ndiyo iliyokaa zaidi katika mji huo, japokuwa mara nyingi husimama katika kivuli cha ndugu zake. Humo hakuna shujaa mkuu wa mfululizo. Mchezaji ni askari mgeni aliyepotezana na wenzake, na hutembea usiku katika barabara zilizohamwa, akiokota kitu kimoja kimoja ili kujua yaliyowapata. Mvua, taa hafifu na muziki wa taratibu huufanya uwe mchezo wa upweke zaidi kuliko wa risasi.

Sehemu za mji huo zina majina kama Kizingo na Kikowani, ambayo ni majina halisi ya Mombasa. Watengenezaji wake, studio ya Bungie ya Marekani, waliuwazia mji wa Kiafrika ulio na mnara wa kupanda hadi angani na mitambo inayoendesha jiji zima. Katika michezo ya video, ambako mara nyingi Afrika huwa mbuga au uwanja wa vita, hilo ni jambo adimu. Watu wawili wanaweza kuucheza pamoja kwenye skrini moja. Ni mchezo wa vita, kwa hiyo haufai kwa watoto wadogo.

4. Afrika (PlayStation 3, 2008)

Mchezo huu ulitoka Japani mwaka 2008, na Marekani mwaka uliofuata. Mchezaji ni mpiga picha anayetumwa kuwatafuta wanyama wa savana. Hushika kamera mahali pa bunduki. Kazi huja kwa barua pepe, na malipo hutegemea ubora wa picha, yaani ukaribu, pembe na kile mnyama alichokuwa akikifanya.

Aliyezoea mchezo wa dakika kumi atauona unakwenda polepole. Kwa mzazi anayetafuta kitu cha kucheza na mwanawe nyumbani, utulivu huo ndio faida yake. Una kasoro moja ya kusema wazi: nyika yake ina wanyama wengi, na watu wachache mno.

Swali la Kiswahili

Msomaji anayejua michezo hii atauliza kwa nini Resident Evil 5 haimo katika orodha. Mchezo huo wa kampuni ya Capcom, uliotoka mwaka 2009, ni mmoja wa michezo inayojulikana sana ambayo Kiswahili husikika humo tangu mwanzo. Haukusahaulika, kwani ni miongoni mwa michezo iliyoiuzia Capcom nakala nyingi zaidi.

Tatizo ni wanaokizungumza. Hao ni wanakijiji walioambukizwa vimelea, wanaoitwa Majini, katika eneo la kubuni la Kijuju. Eneo hilo limewekwa Afrika Magharibi, ambako Kiswahili si lugha ya wenyeji. Hata kabla haujatoka, mchezo huo ulikosolewa kwa jinsi ulivyowachora Waafrika.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili nchini Uganda, jambo hilo lina uchungu wake. Kwa miaka mingi lugha hii ilihusishwa hapa na amri za wanajeshi, na kwa sababu hiyo wengi waliikwepa. Katiba iliifanya lugha rasmi ya pili kupitia marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha ifundishwe kwa lazima shuleni. Mtoto anayeisikia mara ya kwanza kwenye skrini kama kelele za wanaomshambulia anafundishwa kinyume cha hayo yote. Anayeucheza mchezo huo, ambao ni wa watu wazima, na aucheze akilijua hilo.

Kabla ya kununua

Kwanza, angalia umeme. Uganda hutumia volti 240. PlayStation 2 nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zimeandikwa volti 120, na zikichomekwa moja kwa moja zitaungua. Soma maandishi ya nyuma ya mashine au ya adapta.

Pili, angalia eneo. PlayStation 2 hukataa diski za soko jingine isipokuwa imebadilishwa na fundi. PlayStation 3 haina kizuizi hicho kwa michezo yake, hivyo Afrika ya Marekani itachezwa. Kwa Xbox 360 hutegemea mchezo wenyewe, kwa hiyo omba diski ijaribiwe dukani.

Tatu, geuza diski. Diski halisi za PlayStation ya kwanza ni nyeusi upande wa chini. Mikwaruzo midogo upande huo mara nyingi husafishika. Mkwaruzo mzito upande wenye maandishi ni hatari zaidi kwa diski za aina hiyo, kwani data ziko karibu na uso huo.

Nne, kumbuka kadi ya kuhifadhia. Mchezo wa PlayStation ya kwanza ukichezwa kwenye PlayStation 2 hauhifadhiki kwenye kadi ya PlayStation 2. Unahitaji kadi ya mashine ya kwanza, la sivyo kila ukizima utaanza upya.

Wenye vibanda vya michezo wanaweza kuanza na mmoja wa michezo ya magari. Hatua yake huisha kwa dakika chache, wawili hushindania muda bora, na foleni husonga kama ya mpira. Huenda pia kijana akamuuliza mzee aliye jirani kama ni kweli magari hayo yaliwahi kupita Uganda. Jibu ni ndiyo, na wapo bado wanaoweza kumsimulia.