Mijusi-Kafiri wa Msituni na Ufinyu wa Maskani Yao

Wakazi wa mwambao wetu, na hata wa bara, humjua mjusi-kafiri kuwa ni mnyama wa ukutani, atokaye jua linapokuchwa, akajibanza karibu na taa kuvizia nondo na mbu, na akiona fagio tu hukimbilia nyuma ya kabati au juu ya boriti. Kwa kuwa huyo ndiye aonekanaye kila usiku, wengi hudhani kuwa ukoo wake wote ni yeye, na kwamba kama msituni yumo mwenziwe, basi ni huyu huyu aliyepotea njia. Dhana hiyo haina asili. Wanazuoni wa elimu ya wanyama wamekwisha kuandika zaidi ya aina 2,000 za ukoo huu ulimwenguni, na waliozoea nyumba za wanadamu ni wachache mno miongoni mwao. Walio wengi hawajui taa wala dari, na wapo ambao tangu kuanguliwa hata kufa hawavuki mpaka wa msitu mmoja, wala hawapendi kukaa ila katika mti wa namna moja. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi wingi huo wa aina ulivyopatikana, hasa katika misitu ya Afrika ya Mashariki, na jinsi sababu ile ile iliyowafanya kuwa wengi wa aina inavyowafanya leo kuwa wepesi wa kutoweka.

Kabla ya kuingia msituni yafaa tuondoe hofu moja iliyoenea katika nyumba zetu. Mjusi-kafiri hana sumu katika meno wala katika mate, na hapana aina yake hata moja iliyojulikana kuwa na sumu. Silaha aliyojaaliwa ni mkia ukatikao, ambao humwachia adui ukirukaruka, naye mwenyewe akapata fursa ya kujinusuru, kisha mkia mwengine ukamwota pole pole. Macho yake, kwa aina zilizo nyingi, hayana kope za kufumba, bali yamefunikwa kwa ngozi angavu, na likiingia vumbi hulifuta kwa ulimi. Wale wa usiku aghalabu huwa na mboni nyembamba iliyosimama wima, ambayo gizani hutanuka ikapokea hata nuru iliyo haba. Wale wa mchana huwa na mboni ya mviringo. Kwa hiyo mtu akimtazama mjusi usoni tu, aweza mara nyingi kukisia ni saa zipi atafutazo riziki yake.

Lakini lililowashughulisha wanazuoni kuliko yote ni nyayo zake. Chini ya vidole vya aina nyingi mna vipande vya ngozi vilivyopangwa kwa kukingama, na kila kipande kimejaa vinywele vidogo visivyoonekana kwa jicho tupu. Katika mguu mmoja wa mjusi mkubwa wa Asia aitwaye tokay, vinywele hivyo hukaribia 500,000, na ncha ya kila kimoja hugawanyika tena katika mamia ya vijincha. Kwa muda mrefu watu walikhitalifiana, wengine wakisema kuwa hujinata kwa utomvu, wengine kuwa hufyonza hewa, hata ilipofika mwaka 2000 Kellar Autumn na wenziwe huko Marekani wakapima nguvu ya kinywele kimoja peke yake, na mwaka 2002 wakabainisha kuwa mnato ule hautokani na gundi wala na unyevu, ila na mvutano mdogo uliomo baina ya chembe za vitu viwili vikikaribiana mno, mvutano uitwao kwa jina la mwanazuoni wa Uholanzi, van der Waals. Nguvu ya kinywele kimoja si kitu, lakini maelfu kwa maelfu yakishika pamoja humbeba mwenyewe na kumzidi. Naye atakapo kujinasua huvikunja vidole kwa juu, kuanzia nchani, hata vinywele vikabanduka safu baada ya safu.

Sasa, lau misitu ingekuwa na uso wa namna moja, mguu wa namna moja ungewatosha wote. Waama msitu mmoja una magome makavu na magome yenye kuvu, majani mapana yatelezayo, mizizi iliyosimama kama kuta, mapango ya chokaa, na mawe ya mitoni yasiyokauka mwaka mzima. Na kila mahali hapo pana adui wake, mawindo yake na saa zake. Kwa ajili hiyo milango mbalimbali ya ukoo huu imefuata njia mbalimbali. Mijusi wadogo wa mlango wa Lygodactylus, ambao hutoka mchana na wengi wao hawazidi urefu wa kidole, wana vipande vya kunatia si vidoleni tu bali na kwenye ncha ya mkia, hata mkia huo ukawa mguu wa tano wanapotambaa katika vijiti vyembamba. Na msomaji wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam hana haja ya safari ili kumwona mmoja wao, kwani yule mwenye kichwa cha manjano kilichochorwa mistari myeusi, Lygodactylus picturatus, huonekana juani katika minazi na kuta za bustani. Mlango wa Urocotyledon nao una mto wa kunatia mkiani, ila wao ni wa usiku na wa misitu yenye unyevu. Ama mlango wa Ancylodactylus, uliokuwa ukihesabiwa pamoja na Cnemaspis wa Asia, umeacha kabisa njia ya vinywele: vidole vyake ni vyembamba, vimepinda, vyenye makucha makali, na kwa makucha hayo hushika magome yaliyoparuza na mawe ya kivulini.

Kwa nini basi aina za milango hiyo zikawa nyingi hivi katika nchi zetu? Jawabu limo katika milima. Kuanzia Taita nchini Kenya, kupitia Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru, hata Udzungwa na Mahenge kusini, imesimama safu ya milima ya kale iitwayo Tao la Mashariki, ambayo hupokea mvua na ukungu wa Bahari ya Hindi pepo zivumapo. Katika zama ambazo dunia ilipoa na sehemu kubwa ya Afrika ikakauka, misitu mingi ilisinyaa, lakini rehema ya bahari haikukatika katika vilele hivi, na misitu yake ikadumu. Baina ya mlima na mlima, hata hivyo, palibaki nyika kavu yenye miiba na jua kali. Na mjusi aliyezoea ukungu, mwenye mwili mdogo upotezao maji upesi, hawezi kuivuka nyika hiyo zaidi ya samaki awezavyo kuvuka mchanga. Waliotengwa hivyo wakazaana wenyewe kwa wenyewe kizazi baada ya kizazi, tafauti ndogo za rangi, za magamba na za tabia zikajikusanya, mpaka waliokuwa ndugu wakawa aina mbali mbali. Ndiyo maana Lygodactylus uluguruensis na Ancylodactylus barbouri wakawa wa Uluguru, na Lygodactylus gravis na Ancylodactylus africanus wakafungamana na Usambara. Huko Udzungwa, Aaron Bauer na Michele Menegon walitangaza mwaka 2006 aina mpya ya Urocotyledon, ambayo kabla ya hapo haikujulikana kwa elimu. Na jamaa wengine wa mlango huo wako mbali sana, katika misitu ya Kameruni na Gaboni na katika visiwa vya Shelisheli, jambo linaloonyesha ukongwe wa mlango wenyewe.

Hesabu ya aina hizi haijakoma, kwa sababu jicho la mwanadamu hudanganyika kwa mifanano ya nje. Katika misitu ya mvua ya Afrika ya Magharibi na ya Kati yuko mjusi mwenye mikanda mgongoni, Hemidactylus fasciatus, ambaye kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa ni aina moja. Lakini Adam Leaché na Matthew Fujita walipochunguza chembe za urithi zake, matokeo waliyoyatoa mwaka 2010 yalionyesha kuwa aliyedhaniwa kuwa mmoja ni wanne, waliofarikishwa na mapengo ya nyika baina ya msitu na msitu. Kadhalika, mwaka 2022 Patrick Malonza wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na Bauer, walipitia upya mijusi wa mlango wa Ancylodactylus, wakatangaza aina sita mpya kutoka Kenya peke yake. Wanyama wenyewe walikuwapo siku zote juu ya mawe na miti yao. Kilichopungua kilikuwa mtu wa kuwatazama kwa subira.

Hapana mfano udhihirishao ufinyu wa maskani ya mjusi wa msituni kuliko ule wa Kimboza. Huu ni msitu mdogo wa hifadhi, wenye kiasi cha hekta 400, ulioko chini ya Milima ya Uluguru upande wa mashariki, mkoani Morogoro, juu ya ardhi ya mawe ya chokaa. Ndani yake huota mkadi wa msituni, Pandanus rabaiensis, uliopewa jina hilo kwa ajili ya Rabai ya karibu na Mombasa. Ni mti mrefu wenye majani kama panga, yaliyopangika kwa mzunguko na kuota miiba kandokando, na katika makutano ya majani hayo maji ya mvua hutuama na wadudu hukusanyika. Hapo ndipo akaapo Lygodactylus williamsi, aliyeelezwa kwa elimu mwaka 1952 na Arthur Loveridge, yule Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Tanganyika katika idara ya wanyama wa porini kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Harvard. Dume lake ni la buluu iliyokoza, ing'aayo juani, lenye koo jeusi na tumbo la rangi ya machungwa. Jike ni la kijani kibichi au la rangi ya shaba. Dume moja humiliki mkadi wake pamoja na majike yake, hulichungulia dume jengine linalokaribia, hutikisa kichwa na kuvimbisha koo ili kuonya, na jike hugandisha mayai yake, aghalabu mawili, mahali palipofichika baina ya majani. Mbali na Kimboza na vipande vichache vya misitu ya jirani, aina hii haipatikani popote ulimwenguni.

Rangi hiyo ndiyo iliyomletea balaa. Wapenzi wa kufuga wanyama wa kigeni, hasa katika nchi za Ulaya, walipoijua, tijara ikaanza. Na uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 ulikadiria kuwa kundi moja tu la wakamataji, baina ya Disemba 2004 na Julai 2009, lilichukua mijusi wasiopungua 32,000, yaani takriban asilimia 15 ya wote waliokuwapo. Madhara hayakuishia kwa waliochukuliwa. Mkadi ni mrefu na miiba yake ni mikali, kwa hiyo baadhi ya wakamataji waliona wepesi kuuangusha mti mzima kuliko kuupanda, na kila mti ulioangushwa ulikuwa ni maskani yaliyoondolewa kwa vizazi vijavyo. Juu ya hayo msitu umekuwa ukisumbuliwa na moto, na ukikatwa kwa siri, na ukisongwa na mti wa Cedrela odorata, ambao asili yake ni Amerika, ukaletwa kwa ajili ya mbao na sasa huenea wenyewe na kuinyima nafasi miti ya asili.

Serikali na jumuiya za ulimwengu hazikunyamaza. Aina hii imetiwa katika daraja ya walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori walio hai kwenda nje. Na mwaka huo huo, katika mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg, mjusi huyu aliingizwa katika Jedwali la Kwanza, mahali pa tembo wa Tanzania na kifaru, hata ikawa ni haramu kumfanyia biashara ya kimataifa akiwa ametolewa porini. Hiyo ni hukumu ya haki, na ni ya kushukuriwa. Hata hivyo sheria ya bandarini na ya viwanja vya ndege humzuia mchukuzi tu. Haimrudishii mjusi mkadi uliokwisha kuanguka.

Hapa ndipo tafauti ilipo baina ya mnyama huyu na wanyama wakubwa tuliozoea kuwahifadhi. Tembo akisumbuliwa huku huhamia kule, na mbuga moja ikiharibika yapo matumaini kwa nyengine; lakini mjusi wa msitu mmoja hana pa kuhamia, na hekta mia chache zikiteketea, aina nzima imekwisha. Kwa hiyo vipande vidogo vya misitu, ambavyo katika mipango ya mashamba na mabarabara huonekana kuwa mabaki yasiyo na faida, havifai kupimwa kwa ukubwa wake bali kwa viumbe wasiokuwa na kwao pengine. Wenye mamlaka wapaswa kuilinda mipaka ya misitu hiyo kwa bidii ile ile ilindwayo mipaka ya mbuga mashuhuri, na kuwapa wanavijiji wa kando yake sehemu katika ulinzi na katika faida zake, maana wao ndio wa kwanza kuona moshi na kusikia shoka. Ama msomaji aliyeko ughaibuni, ambaye huenda akatamani kufuga mjusi wa buluu, namsihi aulize kwanza cheti kinachothibitisha kuwa amezaliwa katika ufugaji, na asipoonyeshwa asinunue.