Ukuta wa Watu Watano: Alipoumia Mmoja, Walitikisika Wote

Katika mpira wa Marekani, ule unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu, wamo watu watano ambao hawatajwi ila siku mambo yanapoharibika. Kazi yao si kukimbia na mpira wala kufunga. Wao ni ukuta: humkinga mrushaji wao ili wapinzani wasimfikie kabla hajautoa mpira mkononi.

Tarehe 24 Januari 2021, Kansas City Chiefs waliwashinda Buffalo Bills kwa pointi 38 kwa 24 wakaingia fainali. Hata hivyo, furaha haikutimia. Eric Fisher, mlinzi wa pembe ya kushoto, alikatika kano ya kisigino. Pembe hiyo ni nyeti, kwani Patrick Mahomes hurusha kwa mkono wa kulia. Anapojiandaa kurusha, mgongo wake huelekea kushoto, na adui ajaye kutoka huko hamwoni.

Ukuta huo ulikwisha kupata mapengo. Mitchell Schwartz wa pembe ya kulia alikuwa nje tangu Oktoba kwa maumivu ya mgongo. Laurent Duvernay-Tardif, ambaye ni daktari, aliuacha msimu mzima akaenda kuwahudumia wazee kwao Quebec wakati wa maradhi ya korona.

Makocha wakapanga upya. Mike Remmers akahamishwa kutoka pembe ya kulia kwenda ya kushoto. Andrew Wylie, aliyezoea kucheza ndani zaidi, akapelekwa pembe ya kulia. Mahali pa Wylie akaingia Stefen Wisniewski. Aliumia mmoja, zikabadilika nafasi tatu.

Kuhama huko si jambo dogo. Aliyezoea kulia hutanguliza nyuma mguu wa kulia. Akienda kushoto, miguu na mikono yote hubadilishana kazi. Naye atokaye ndani kwenda pembeni hukutana na wapinzani wepesi zaidi, katika uwanja mpana zaidi.

Tarehe 7 Februari, Tampa Bay Buccaneers waliushambulia ukuta huo bila huruma. Mahomes alikimbizwa huku na huko, na timu yake ikalala kwa 31 kwa 9 bila kuvuka mstari wa mwisho hata mara moja.

Ukuta ukajengwa upya kwa watu wapya, lakini Wylie alibaki. Tarehe 12 Februari 2023, akiwa pembe ile ile ya kulia, Chiefs waliwashinda Philadelphia Eagles 38 kwa 35, na Mahomes hakuangushwa na mpira mkononi hata mara moja.

Nasi majumbani, mkubwa anapougua, mdogo hushika kazi asiyoizoea. Akikosea, tusiharakishe kumlaumu. Tumpe muda na msaada. Huenda ndiye atakayeisimamisha nyumba kesho.