Kona ya Reli, Kona ya Protoni

Ukiwa Kintinku, wilayani Manyoni, ukitazama upande wa Kilimatinde unaona ukuta wa Bonde la Ufa. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani, huupanda kwa kujipindapinda kwenda Saranda, na treni ya mizigo hujivuta hapo. Treni ya SGR, yenye mwendo wa kilomita 160 kwa saa, inataka kona pana zaidi. Mwendo ukizidi, kona nayo ipanuke. Hali ni kama hiyo kwenye mashine ya kugonganisha chembe ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, yenye mzingo wa kilomita 26.7: nishati ya protoni ikizidi, kona nayo ipanuke.

Protoni haina reli ya kuishika. Inayoikunja ni sumaku. Hesabu yake si ngumu. Chukua nishati ya protoni iliyokusudiwa, GeV 7,000, ugawanye kwa 0.3 mara nguvu ya sumaku, tesla 8.33. Jibu ni kama mita 2,800: nusukipenyo cha kona. Lakini duara la nusukipenyo hicho lina mzingo wa kilomita 17.6 tu. Hizo tisa nyingine ziko wapi?

Ukweli ni kwamba "duara" la CERN si duara kamili. Ni matao manane yaliyoungwa kwa vipande vinane vilivyonyooka. Ndani ya matao, sumaku 1,232 za kukunja, kila moja ya mita 15 hivi, hupishana na sumaku za kubana msafara wa protoni usitawanyike. Kwenye vipande vinne vilivyonyooka misafara miwili hugongana. Vingine ni vya kuongeza nishati, kusafisha msafara na kuutupa nje.

Kwa elektroni kuna sababu nyingine ya kupanua kona: ni nyepesi, hivyo kila ikikunjwa humwaga nishati kama mwanga. LEP, mashine ya elektroni iliyotangulia kwenye handaki hilohilo, mwishoni ilipoteza takriban asilimia 3 ya nishati kila mzunguko. Ndiyo maana sasa linapendekezwa duara la kilomita 91, lenye kipenyo cha kama kilomita 29.

Tatizo linalobaki ni ardhi. Reli hupanda na kushuka. Duara la protoni sharti lilale kwenye bapa moja. CERN walilazimika kuliinamisha handaki kwa asilimia 1.4, wasichimbe sana kwenye chokaa ya milima ya Jura, yenye maji. Duara kama hilo likipita chini ya ukuta wa Kilimatinde, mashimo ya kushukia yangekuwa mafupi huku bondeni, na kule juu marefu mno.